Mkimchagua Mtakoma

Sauti yangu ina gundu. Maneno hayo si yangu, ni ya watu wa Mpanda, na watu wa Mpanda wakishaamua jambo, hata ulete hati ya mahakama hawakusikilizi. Naitwa Sadalla na kazi yangu ni kutangaza. Nimetangaza minada ya ng'ombe, dawa ya kunguni, mikutano ya injili ingawa mimi ni Mwislamu, na watoto waliopotea sokoni, ambao wote walipatikana. Hao watoto hakuna anayewakumbuka. Wanachokumbuka ni wagombea watatu niliowapigia kampeni, na wote watatu walianguka kifo cha mende.

Wa kwanza alitaka udiwani. Wa pili alitaka uenyekiti wa chama cha ushirika upande wa Mwamkulu, akashindwa na mtu aliyekuwa amelazwa hospitali. Wa tatu alikuwa peke yake kwenye karatasi. Nasema peke yake, kura ya ndiyo au hapana, na hapana ikashinda. Tangu siku hiyo nikipita na guta langu la magurudumu matatu lenye spika mbili, wauza nyanya walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu, na wazee waliulizana leo anaangushwa nani. Mimi nilisema ni wivu. Mke wangu Mwanaasha alisema ni hesabu.

Mwanaasha ana duka dogo la vifaa vya ofisi, anatoa kopi na kuchapa barua, na ni yeye anayekata na kuunganisha matangazo yangu kwenye kompyuta. Baada ya yule wa tatu alizungumza na kaka yake, Dulla, mfanyabiashara wa dagaa kule Karema. Wakakubaliana bila kuniuliza: nikishindwa mara ya nne, tunauza spika, tunahamia ziwani, na mimi nasimamia vichanja vya kuanikia. Sina ugomvi na dagaa. Lakini dagaa hatangazwi, anaanikwa. Mtu aliyezaliwa na sauti kama yangu, ukimweka kutwa nzima akageuze dagaa juani kimya kimya, umemuua akiwa hai.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokaribia, hakuna aliyebisha hodi kwangu isipokuwa mtu mmoja. Alikuwa Mama Kasilda, mjane mwenye mashine ya kusaga pale Nsemulwa, mtaani kwetu. Chama chake kilikuwa kimempitisha kugombea uenyekiti wa mtaa. Aliingia dukani na unga kwenye nyusi, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Sadalla, nimesikia ukimtangaza mtu anashindwa," alisema.

"Mama, hayo ni maneno ya watu."

"Ndiyo nimekuja. Hata nikishindwa, angalau nitakuwa na mtu wa kumsingizia."

Mwanaasha alicheka mpaka akaharibu karatasi ya mteja. Mimi sikucheka, nilichukua kalamu. Kampeni zilikuwa siku saba tu, na mpinzani wetu, Bwana Obadia wa duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa tayari ameshaleta watu na kamera, ametengenezewa wimbo wa kuchezeka, na picha yake imezagaa kwenye simu za watu akiwa amekunja mikono kifuani. Nikamuuliza Mama Kasilda tuwaambie wananchi amefanya nini.

"Nimesaga," alisema.

"Na kingine?"

"Nimekoboa."

"Mama, nataka mambo ya kujivunia! Uongozi, misaada, ujasiri!"

Aliniangalia kama mtu aliyeombwa avue nguo sokoni. "Mimi na kujisifu wapi na wapi? Mtu akijisifu mwenyewe, majirani watafanya kazi gani?"

Basi nikafanya kazi yangu kama ninavyoijua. Nilijifungia chumba cha nyuma, nikaning'iniza blanketi ukutani kuzuia mwangwi, nikatoa sauti kutoka tumboni: "Anakujaaa! Simba jike wa Nsemulwa! Chuma cha pua! Mama wa maendeleo, jemedari asiyerudi nyuma, Kasildaaa!" Nyuma yake Mwanaasha aliweka ngoma na ngurumo za radi. Nilivyolisikiliza tangazo hilo, machozi yalinilenga. Nilisema moyoni, kama hili halimpi mtu uenyekiti, basi uenyekiti wenyewe una kasoro.

Siku ya kwanza nililizungusha mtaa mzima. Watu hawakutoka nje. Kwenye bomba la maji kina mama walinyanyua vichwa mara moja wakarudi kwenye ndoo zao, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Simba jike? Kasilda huyuhuyu anayeogopa panya wa mashineni?" Wakacheka wote. Mbele kidogo mzee mmoja aliniwekea mkono begani, akanipa pole. Pole! Siku ya kwanza ya kampeni! Nilirudi nyumbani nimefura, nikamkuta mke wangu anaongea na kaka yake kwenye simu, anauliza bei ya kupanga nyumba Karema.

"Subiri kwanza," nilimwambia. "Zimebaki siku sita."

"Mimi nauliza tu," alisema Mwanaasha. "Na wewe kaulize. Kawaulize watu, huyo mama ni nani kwao. Wewe unamtangaza simba, wao wanamjua Kasilda."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Asubuhi nikashika simu yangu ya kurekodia, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Sikupata kitu. Watu wetu ukiwawekea simu mdomoni wanabadilika, wote wanakuwa makatibu kata. "Kwa kweli ni mtu mwenye ushirikiano." "Kwa kweli hana matatizo." Ningetangaza hayo, watu wangelala wamesimama. Lakini karibu kila mmoja alimalizia kwa neno lilelile: kama unataka habari za Kasilda, nenda kwa Ponsian.

Ponsian ni fundi baiskeli, kibanda chake kiko kando ya barabara ya kwenda Kakese. Yeye na Mama Kasilda ni watani. Koo zao zinataniana tangu enzi za babu wa babu zao, na mtani hana adabu kwa mtani. Atamwita jina lolote mbele ya mtu yeyote, na aliyetaniwa haruhusiwi kununa. Akinuna amejiaibisha yeye na ukoo wake. Mimi mambo hayo nayajua kwa kuyaona tu. Babu yangu alitoka Ujiji na mizigo ya chumvi, bibi alikuwa Mkonongo, mama yangu ni nusu Mnyamwezi na nusu nyingine hajawahi kutueleza. Sisi watu wa mchanganyiko wa mjini ukoo wetu ni duka, na hakuna aliyewahi kunitania kwa haki.

Nilimkuta Ponsian amepindua baiskeli, mikono myeusi kwa grisi. Nikamwambia nataka neno moja zuri kuhusu Mama Kasilda. Akaweka spana chini, akajipangusa midomo.

"Neno zuri? Kuhusu nani? Yule mwizi?"

Nilitaka kuzima simu. Sijui kwa nini sikuzima.

"Mwizi kabisa," alisema Ponsian. "Mwizi wa usingizi! Ile masika nyumba ya mama Emelyne imeanguka, alikuja kutugongea alfajiri, wanaume kumi na wawili, eti amkeni mkabebe matofali. Nimebeba mpaka mgongo umepinda. Mpaka leo usingizi wangu hajanirudishia. Halafu ni mchoyo! Ana pumba pale mashineni zimejaa magunia, mimi mtani wake nikiomba za kuku wangu, ananiambia hizi za wajane. Eti nikitaka pumba mke wangu afe kwanza, halafu nije. Hebu sikia huyo! Na mbishi! Bomba lilipopasuka alikwenda kwenye ofisi moja mjini, siitaji, akakaa kwenye benchi na kikapu chake siku tatu. Siku tatu! Anakula ugali palepale, anawaangalia. Wale wakaja kutengeneza bomba ili tu aondoke, maana ugali wake wenyewe ni mgumu, ukimpiga nao mbwa anakufa. Na sura hana. Marehemu mumewe alimposa giza limeshaingia. Nyie mnataka kumpa uenyekiti? Mpeni! Mkimchagua mtakoma. Atawaamsha alfajiri mzibue mitaro, atawasomea kila barua ya serikali mpaka mwisho, na mihuri. Mimi nimeshamzoea. Nyie mtakoma!"

Akaokota spana yake akaendelea na baiskeli, kana kwamba hakuna lililotokea. Niliondoka pale nimekasirika. Nilitafuta sifa nikapewa matusi, na siku ya pili ndiyo hiyo inaisha.

Dukani nilimwekea Mwanaasha ile rekodi nikitegemea anionee huruma. Alianza kutabasamu kwenye matofali. Kwenye pumba alishika meza. Kwenye ugali alikuwa amelalia kibodi, mabega yanamtikisika, na mteja aliyekuja kuchapa barua ya kuomba kazi naye alikuwa ameinama anafuta machozi. Mteja akaomba arudishiwe mwanzo. Nikairudisha, na safari hii nikasikiliza kama mtangazaji, si kama mtu aliyeudhika. Ndipo nikaona. Kila tusi la Ponsian lilikuwa na kazi iliyofanyika ndani yake. Nyumba ilijengwa, kuku wa wajane walilishwa, bomba lilitengenezwa. Mambo ambayo Mama Kasilda asingeyasema hata kwa kubanwa na mlango, mtani wake aliyamwaga yote kwa dakika mbili.

"Hili ndilo tangazo," alisema Mwanaasha.

"Siwezi kumwita mgombea wangu mwizi kwenye spika! Nikishindwa na hili watanifukuza mkoa mzima, si mtaa tu."

"Kamuulize mwenyewe."

Tulikwenda mashineni jioni ileile. Nilimwekea Mama Kasilda simu sikioni kwa sababu ya kelele. Alisikiliza uso umekauka, mpaka nikaanza kuandaa maneno ya kuomba radhi. Mwisho akanirudishia simu.

"Amesahau kusema naimba vibaya," alisema. "Huyo anazeeka. Liweke. Lakini usimrudie kumrekodi tena, na usimpangie la kusema. Mtani akiandikiwa maneno, huo si utani tena, ni mshahara."

Tukarudi kuandaa. Nilianza na sauti yangu, kwa sababu tangazo bila mtangazaji ni nini? "Ndugu wananchiii! Tega sikiooo! Sikia mtani wake anavyosemaaa!" Halafu Ponsian, halafu mimi tena mwishoni na radi kidogo. Siku ya tatu asubuhi nikalijaribu kwa wanawake waliopanga foleni mashineni na mahindi yao. Sauti yangu ilipoanza, hakuna aliyegeuka. Mmoja akasema, "Ni yule wa gundu." Mwenzake akavuta mtoto wake karibu. Nakwambieni, alimvuta mtoto! Ponsian alipoingia, wakageuka. Wakaanza kuguna, wakaanza kucheka, mmoja akamwaga mahindi, mwingine akaita, "Ni kweli, pumba hizo na mimi nimepata!" Kisha nikarudi mimi na radi yangu, na wote wakanyamaza wakashika madebe yao.

Nilisimama pale na guta langu kwa muda mrefu. Mwanaasha alikuwa kando yangu, ameinama anamsaidia yule mama kuokota mahindi yake. Angenishauri la kufanya, ningekataa. Miaka ishirini ya kutangaza, sauti ndiyo mali pekee niliyorithi, hata kama sijui kwa nani, na nilikuwa naona kwa macho yangu kwamba watu wanaikimbia. Iliniuma, sifichi.

"Kata," nilimwambia.

"Wapi?"

"Mimi. Mwanzo na mwisho. Nikate nitoke."

Siku hiyo mchana nilipita mtaa mzima mdomo nimeufunga, naendesha guta tu, Ponsian ananguruma juu yangu. Sijawahi kuona vile. Watu walitoka jikoni na miko mkononi. Waendesha bodaboda walinifuata nyuma wakisubiri lifike kwenye ugali. Watu wa Kakese waliokuja sokoni waliniomba nisimame walisikie tena, ingawa wao hawapigi kura kwetu. Na jua lilipokaribia kuzama, nilipopita bombani, Ponsian aliposema, "Mkimchagua mtakoma," kina mama wote wakaitikia kwa pamoja, "Acha tukome!" Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unaitikia hivyo. Hata wimbo wa Obadia ukipigwa, watu walicheza kisha wakamalizia kwa kupiga kelele, "Acha tukome!"

Obadia hakupenda. Siku ya tano nikaitwa ofisi ya kata. Nilimkuta Obadia amevaa koti, Mama Kasilda na kanga yake ya mashineni, Ponsian na grisi yake, na msimamizi wa uchaguzi, dada mmoja mwenye miwani aliyehamia kwetu mwaka huo kutoka Tanga. Mbele yake kulikuwa na kitabu cha kanuni za kampeni. Malalamiko yalisomwa: tangazo letu limetumia lugha ya matusi dhidi ya mgombea.

"Mgombea yupi?" aliuliza msimamizi.

"Bi Kasilda," alisema Obadia.

"Anayetangazwa na nani?"

"Na Bi Kasilda."

Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.  Tangazo likifungiwa, nilikuwa nimebaki na siku mbili, simba jike na radi. Nilikuwa nasikia harufu ya dagaa.

"Mimi nimezaliwa Tanga, utani naujua," alisema msimamizi. "Lakini kitabu hiki hakina ukurasa wa utani. Kinasema mgombea asitukanwe. Humu ndani nimesikia mwizi, nimesikia mchoyo. Mama, umetukanwa au hukutukanwa?"

"Nimetukanwa sana," alisema Mama Kasilda.



"Na unalalamika?"

"Nalalamika. Nimeitwa mwizi wa usingizi kwa nyumba moja tu, ya mama Emelyne. Nyumba tulizojenga ni tatu. Huyu Ponsian alikimbia mbili, alijifanya ana malaria."

"Ilikuwa malaria ya kweli!" alisema Ponsian.

"Malaria gani inakula kuku mzima?"

Karani aliyekuwa anaandika aliweka kalamu chini akatoka nje, tukamsikia anacheka barazani. Obadia akasimama. Akasema si suala la kucheka, yeye ameumia kwa niaba ya mama huyu, mwanamke mzima anadhalilishwa mchana kweupe. Mama Kasilda akamgeukia taratibu.

"Baba, asante kwa kuniumia," alimwambia. "Lakini huyu mtu nikifiwa hulala kwangu siku tatu. Nikiwa na njaa hula kwake bila kuomba. Siku atakaponiita mheshimiwa, siku hiyo ndiyo nitakuja hapa kulalamika, maana nitajua nimemkosea."

Msimamizi akakifunga kitabu chake. Akasema anayeweza kulalamikia tusi ni aliyetukanwa, na aliyetukanwa ameomba aongezewe. Tangazo liendelee, kwa saa zilizoruhusiwa. Tulipotoka, baraza lilikuwa limejaa watu waliokuwa wanasikiliza dirishani, na kabla sijawasha guta habari zilikuwa zimeshafika sokoni. Nyumba ni tatu, si moja, na Ponsian alijifanya mgonjwa. Kwa siku mbili zilizobaki watu hawakungoja nipite, walinifuata nyumbani.

Siku ya kupiga kura nilipiga yangu mapema, nikarudi kujifungia ndani. Niliogopa nisije nikasema neno lolote mahali popote, likaharibu. Mwanaasha ndiye aliyekwenda kusikiliza matokeo pale shuleni. Nilimsikia anarudi kabla sijamwona, kwa sababu alikuwa anakuja na vigelegele, na mke wangu si mtu wa vigelegele. Mama Kasilda alikuwa amepata kura mia nne thelathini na moja. Obadia alipata mia mbili tisini na sita, akampa mkono mshindi mbele ya watu, na nampa heshima yake kwa hilo.

Habari ya Karema ikaishia hapo. Mwanaasha alimpigia kaka yake palepale, akamwambia atafute mtu mwingine wa vichanja. Kesho yake asubuhi walikuja wateja wawili dukani, mmoja wa mashine ya kukoboa mpunga, mwingine wa saluni. Nikawaletea viti. Nikachukua kalamu.

"Tunataka tangazo kama lile," alisema wa mpunga. "Ila, kaka, usikasirike. Wewe usiongee."

"Yaani wewe unaandaa tu," alisema wa saluni. "Wewe una kichwa sana. Ila sauti, hapana."

Nikawaandikia. Nilitabasamu mpaka walipotoka, kisha nikaenda chumba cha nyuma nikakaa chini ya lile blanketi. Nilikuwa nimeshinda na nilitaka kulia. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili siku moja.

Jioni kulikuwa na shukrani nje ya mashine ya Mama Kasilda. Wali, maharage, nyama kidogo, na mtaa mzima. Nilipeleka spika, nikafunga nyaya, nikasimama nyuma yake kama fundi umeme. Wazee wa chama wakazungumza, padri akaomba, shehe akaomba. Ikafika zamu ya mwenyekiti mpya. Mama Kasilda akashika maiki, akafungua mdomo, akaufunga. Akasema tu, "Sadalla, njoo uwaambie watu asante. Mimi siwezi."

Nilikwenda mbele. Nilivyoshika ile maiki tu, upande wa bodaboda mmoja akapiga kelele, "Mama usimpe, utavuliwa uenyekiti!" Watu wakacheka. Si kicheko kibaya sana, lakini kilinikuta palepale nilipokuwa na kidonda, na mkono ukaanza kushuka wenyewe.

Ponsian akasimama, sahani ya wali mkononi. Hakutumia spika, hakuzihitaji.

"Nyamazeni!" alisema. "Mnamcheka kwa sauti? Sauti si kitu. Nani amemwangalia masikio? Mtu masikio yameanza kukua kabla yake! Mtu gani anapanga kampeni nzima anasahau kumletea fundi wake hata soda? Ameniibia maneno yangu, ameyazungusha mtaa mzima bila nauli, sasa anasimama hapo kama mlingoti uliopigwa na radi, ile radi yake ya kompyuta. Gundu ndiyo jina lako, Sadalla? Basi wewe ni gundu wangu. Na siku ukifa, wasije watu wengine kukugusa. Kaburi lako nitachimba mimi, nalichimba refu, na nitakuzika na pamba mdomoni, vinginevyo utawatangazia malaika mpaka wakuhamishe!"

 Mtu hasemi hivyo kwa mtu yeyote tu. Neno la kaburi husemwa na anayelichimba kweli, maana kwetu watani ndio wanaozikana, na kila mtu pale alijua kwamba Ponsian ana ukoo mkubwa na mimi nina duka. Nikamwangalia. Alikuwa anatafuna wali wake taratibu, ananisubiri. Watu wote walikuwa wananisubiri, waone kama nitanuna au nitamjibu kama mtani.

 Nikaomba maji, Mwanaasha akaniletea, akanibana kidole kwa siri. Nikanywa. Nikaisogeza ile maiki mdomoni, nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikaanza kumtukana Ponsian. Nilianza na malaria yake, nikapita kwenye baiskeli anazotengeneza zikarudi nyuma badala ya kwenda mbele, nikaja kwenye miguu yake, sikuacha kitu. Nilimtukana robo saa nzima kwa sauti yangu yote, na hakuna hata mtu mmoja aliyeondoka.